Ziwa Dogo Kuliko Kichwa cha Kiberiti

Haskett, mchoraji ramani wa msafara, alichomoa njiti ya kiberiti, akailaza juu ya karatasi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao wa kuchorea. Kisha akainuka na kutikisa kichwa.

"Halionekani," alisema. "Limefichwa lote."

Eskil Rundgren alikuwa nyuma yake, anakaza kamba za mizigo mgongoni mwa nyumbu. Aliacha kukaza. Hakuhitaji kuuliza ni ziwa lipi linalosemwa, maana lililobaki kuamuliwa lilikuwa moja tu, lile la juu kabisa, chini ya ukingo wa mawe ya kijivu, ambako theluji haiyeyuki yote hata mwezi wa nane. Huko ndiko alikozikwa mkewe.

Kazi ya msafara ule ilikuwa kuichora milima yote ya Cascade, magharibi mwa Marekani, upande ule, pamoja na maziwa yake, ambayo ni mengi kana kwamba mtu alijikwaa huko juu na sinia la vikombe, vikamwagika kila mahali. Idara iliyowaajiri ilikuwa na kanuni yake. Ziwa ambalo likishachorwa linafunikwa lote na kichwa cha njiti ya kiberiti, hilo si ziwa. Ni dimbwi. Halichorwi, wala halipewi jina. Nani aliyeitunga kanuni hiyo? Mtu fulani huko mashariki, kwenye ofisi yenye jiko la makaa ya mawe na zulia, ambaye kiberiti chake kilikuwa cha kuwashia sigara tu.

"Kama kila kitu kingepimwa kwa kiberiti," alisema Bepi, mpishi, Mtaliano aliyetoka kwenye migodi ya Roslyn, "hata bosi wetu asingechorwa."

Wengine walicheka, kwa kuwa Prewitt, mkuu wa msafara, alikuwa mfupi kweli. Eskil hakucheka. Bepi akamwona, akashusha sauti. "Samahani, mzee wangu. Mdomo huu sijui nitaupeleka wapi."

"Upeleke kwenye maharage, yanaungua," alisema Eskil.

Ilikuwa desturi ya wapimaji wa milima ile kwamba ziwa lisilo na jina linapewa jina la mwanamke. Mke wa mtu, dada wa mtu, mchumba aliyeachwa bondeni. Tayari kwenye karatasi kulikuwa na Edna, mke wa Prewitt. Kulikuwa na Cora na Lorena, binti za mkubwa mmoja wa makao makuu, ambao theluji waliyowahi kuikanyaga ni ile ya kwenye ngazi za nyumba yao. Kulikuwa hata na Hortense, mama mkwe wa Prewitt, ziwa refu jeusi lisilo na samaki hata mmoja, na Bepi aliapa kwamba jina hilo lilitolewa kwa haki kabisa.

Tekla hakuwepo. Tekla, mke wa Eskil, ambaye aliwapikia watu hawa mikate na kuwashonea soksi juu ya milima hiyo hiyo, hakuwepo.

Eskil aliziacha kamba zikining'inia, akaenda hadi kwenye hema la mkuu. Prewitt alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, miguu imenyooshwa, anakunywa kahawa.

"Bwana Prewitt, ulinipa neno lako."

"Rundgren! Kaa kwanza, unywe kahawa."

"Nimeshakunywa. Ulisimama kaburini, kofia mkononi, ukasema ziwa hili litaitwa Tekla. Kila mtu alisikia."

"Nilisema, na nilikuwa na nia. Lakini sikujua ni dogo kiasi hicho. Ramani nayo imebana mno, bwana, milima mizima inaingia kwenye kiganja. Kanuni si yangu."

"Siku ile alipougua, nyumbu nao hawakuwa wako. Ulisema ni wa serikali. Leo kanuni si yako. Kitu gili... kitu gani hasa kilicho chako wewe, bwana?" Ulimi ulimkwama kwa hasira, kama kawaida yake, na hilo likamzidishia hasira.

Prewitt aliweka kikombe chini. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Sikiliza. Wiki ijayo tunapanda kule, mimi na Haskett, kumalizia ile kona. Atalipima upya. Likichomoza pembeni mwa kiberiti, hata kwa upana wa unywele, nitaliandika jina la mkeo kwa mkono wangu. Lisipochomoza, usinijie tena na habari hizi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Eskil.

Kiangazi cha mwaka juzi, Tekla ndiye aliyekuwa mpishi wa msafara. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayekunywa kahawa kwa kuimimina kwenye kisahani na kuifyonza huku kipande cha sukari kimebanwa kati ya meno, kama mama zake huko Sweden walivyofanya. Wapimaji vijana walimwiga, wakajiunguza midomo, naye akawacheka mpaka akalia machozi. Kisha asubuhi moja hakuweza kuinuka. Tumbo lilimkata upande wa kulia, akajikunja kama mtoto.

Eskil alikwenda kuomba nyumbu wawili, wamfungie machela, amshushe bondeni kwa daktari. Prewitt alitazama juu. Anga lilikuwa jeupe, halina hata unyoya wa wingu.

"Vitunguu vibichi hivyo," alisema. "Mpe maji ya chumvi. Nyumbu ni wa serikali, si wangu. Anga safi kama hili hatutalipata tena mwaka huu, na vyombo lazima vifike ukingo wa pili leo. Kesho kutwa tunashuka sote, atashuka naye."

Nyumbu wote walipakiwa ubao, darubini, mahema na magunia ya unga, wakaondoka na mchunga mwingine. Eskil alibaki amemshika mkewe mkono. Jua lilipofika utosini maumivu yaliisha ghafla, Tekla akatabasamu, akasema anataka kahawa. Eskil akamshukuru Mungu. Hakujua kwamba maumivu ya namna ile yakiisha ghafla ndipo mambo yameharibika. Kahawa ilipochemka, Tekla hakuwa na haja nayo tena. Daktari wa bondeni alisema baadaye kwamba kilikuwa kidole tumbo, kwamba angefikishwa mapema angepasuliwa, angepona, na alisema hivyo huku akifunga mkoba wake, kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Kulikuwa na joto na njia ilikuwa ndefu. Wakamzika pale pale. Pande zote ni jabali, jembe linatoa cheche, isipokuwa upande mmoja wa ziwa palikuwa na kiwanja cha nyasi chenye udongo laini, na katikati yake msonobari mmoja wa ile aina ambayo majani yake hugeuka rangi ya dhahabu wakati wa vuli na kupukutika. Hapo chini yake wakachimba. Prewitt akavua kofia, akatoa neno lake.

Na neno lile ndilo lililomweka Eskil kwenye kazi hii misimu miwili, akiwabebea vyombo watu wale wale. Tekla hakumwachia mtoto. Nyumba yao bondeni ilikuwa ya kupanga, na sasa analala mwingine humo. Kwenye mbao za msalaba wa pale kaburini theluji ilikuwa imeanza kula herufi. Nani atajua kwamba aliwahi kuwepo? Lakini ramani, hiyo wanaitundika mashuleni. Watoto wanaelekeza kwa kidole, wanasoma kwa sauti.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya kona ile, Eskil alitangulia. Hakuna aliyeshangaa, maana mchunga nyumbu ndiye hutangulia kupeleka mahema, kuni na shayiri ya wanyama kwenye kambi ya juu. Lakini kwenye mizigo yake safari hii kulikuwa pia na sururu, shoka na turubai kubwa.

Ziwa lilikuwa na mdomo mmoja tu, mwanya kati ya majabali mawili, mpana kama mlango wa nyumba, na maji yalitokea hapo. Eskil alikata miti iliyoanguka, akamfunga Malkia, nyumbu wake mzee, akamburuzisha magogo mpaka pale. Akayalaza kwenye mwanya, moja juu ya jingine. Akatandika turubai upande wa maji, akalikandamiza kwa mawe, akaziba matundu kwa mabonge ya nyasi. Ilikuwa kazi ya wanaume wanne. Mikono ilimchubuka, mgongo ukakataa kunyooka, na bado alikuwa anapiga mluzi.

"Unaona, mama?" alisema kwa sauti, akitazama upande wa msonobari. Mama ndivyo alivyozoea kumwita, tangu enzi walipokuwa bado wanatarajia mtoto. "Wanataka ziwa kubwa. Nitawapa ziwa kubwa."

Maji yaliacha kutoka. Yakasimama kidogo kama yanayofikiri, kisha yakaanza kupanda. Eskil alichomeka kijiti ukingoni, akakaa kukitazama. Jua lilipoanza kuegemea milima, kijiti kilikuwa kimesimama majini, na ulimi mwembamba wa maji ulikuwa unaingia kwenye nyasi. Hapo ndipo penyewe. Upande wa jabali ziwa haliwezi kupanuka hata kidogo. Upande wa nyasi linatambaa. Aliliangalia kaburi, akaona liko juu ya maji kwa kimo cha goti, akaridhika. Akamfungua Malkia, wakapanda kambini, ng'ambo ya bega la mlima, kuwasubiri wengine.

Usiku ule mvua ikaanza.

Ilinyesha kesho yake, na kesho kutwa yake. Msafara ulifika umelowa chapachapa, Prewitt anapiga chafya, Bepi anatukana kwa Kitaliano kila jiwe lililomtelezesha. Ukungu ulishuka mpaka mtu haoni masikio ya nyumbu aliyempanda. Eskil alikaushia watu nguo, akachimba mifereji kuzunguka mahema, akalisha wanyama. Ziwa hakuliona. Aliisikia mvua ikipiga mahema, akafurahi. Inyeshe. Kila tone lilikuwa linamwandikia mkewe jina. Jambo ambalo hakulifikiria, yeye aliyeishi milimani miaka yote ile, ni kwamba mvua ile ilikuwa ya vuguvugu, na juu ya ziwa kulikuwa na theluji ya mwaka mzima inayoisubiri.

Asubuhi ya tatu anga lilifunguka. Wakapanda ukingoni wote wanne, Malkia amebeba ubao, vyombo na sururu. Prewitt alikuwa na haraka, kwani kona hii ikiisha msimu umekwisha. Walipofika juu, Haskett alikunjua miguu mitatu ya kuegemeza, akauweka ubao juu yake, akausawazisha, akatazama chini, akapiga mluzi.

"Ziwa lenyewe lile pale? Mbona kubwa?"

Lilikuwa kubwa kweli. Lilikuwa la buluu, limejaa pomoni, linametameta kati ya majabali. Eskil alisimama nyuma yao, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi aliisikia pumzi yake ikifika tumboni.

"Mwaka juzi halikuwa hivi," alisema Prewitt.

"Mvua," alisema Eskil.

Haskett alianza kazi yake. Alilenga darubini huku na huku, akavuta mistari myembamba kwa penseli, akaiunganisha kuwa mduara wa ukingo. Halafu akachomoa kiberiti mfukoni, akailaza njiti. Bepi alinyoosha shingo.

"Limechomoza," alisema Haskett. "Pande zote."

Prewitt aliinama, akahakikisha, akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya, Rundgren, usije ukasema mimi si muungwana." Akachukua penseli, akaandika, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Herufi tano. Eskil hakujua kusoma sana, ila herufi hizo tano alizijua bila kubabaika, maana mwenye jina ndiye aliyemfundisha, kwa kidole, kwenye unga wa mkate. Alizitazama mpaka zikaanza kucheza machoni.

"Njoo uchungulie, mzee," alisema Haskett, akimpisha. "Ulione ziwa la mkeo."

Darubini zile huonyesha dunia kichwa chini, miguu juu. Wapimaji wameshazoea. Eskil hakuzoea, akahangaika kwanza kuelewa anachokiona. Aliona jabali likining'inia kama popo. Aliona msonobari wa dhahabu umeinamisha kichwa chini, na pale shina lake lilipopaswa kugusa nyasi, hapakuwa na nyasi. Palikuwa na buluu. Aliisogeza darubini kidogo. Palikuwa na buluu. Kisha akakiona kitu chembamba cheusi kimelala upande juu ya maji, kinasogea, kinagonga shina, kinarudi, kinagonga tena. Ulikuwa msalaba.

Hawakuelewa kwa nini alipiga kelele. Walimwona tu anachukua sururu mgongoni mwa Malkia na kuporomoka mlimani, anaanguka, anainuka, mawe yanamfuata.

Alipofika kwenye mwanya alipiga sururu kwenye magogo aliyoyapanga kwa mikono yake. Hayakukubali upesi, kwa kuwa aliyajenga vizuri. Alipiga turubai, akalichana, akang'oa mabonge ya nyasi kwa kucha. Gogo la juu likateleza, la pili likalifuata, na maji yakatoka kwa ngurumo, yakamwangusha, yakambamiza jabalini, yakateremka bondeni yakiwa na matope. Aliinuka akichechemea, akaenda kwenye msonobari. Maji yalikuwa bado ya magotini. Mawe aliyolizungushia kaburi yalikuwa yametawanyika. Udongo ulikuwa umetitia, umekuwa uji. Akapiga magoti humo, akaukusanya kwa mikono, na kila alipoukusanya ulimpita katikati ya vidole.

"Samahani, mama," alikuwa akisema. "Samahani. Ngoja. Ngoja kidogo yanashuka."

Wenzake walipofika, maji yalikuwa yameondoka kwenye nyasi, yameacha tope na harufu ya kitu kilichokaa gizani. Bepi alivua kofia, akajifanyia ishara ya msalaba. Prewitt alisimama kwenye mwanya, akatazama magogo, akatazama kitambaa kilichochanika.

"Hilo turubai la serikali," alisema. Pengine hakukusudia. Ni mdomo tu wa mtu aliyezoea kuhesabu.

"Nikate kwenye mshahara," alisema Eskil, bila kuinua kichwa.

"Bosi, kwa jina la Bikira," alisema Bepi, "nyamaza."

Haskett ndiye aliyesogea, akachuchumaa kando ya Eskil, ubao ameukumbatia kifuani ili karatasi isiguse tope. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alisema polepole, "Mzee, mimi kazi yangu ni kuchora ninachokiona. Nilipochora, ziwa lilikuwa vile. Sikulibuni. Naweza kuliacha."

"Liache," alisema Prewitt kwa haraka, kutoka kule kwenye mwanya. "Nani atapanda huku kulipima? Limeshaandikwa, basi. Neno langu nimelitimiza, Rundgren. Yaishe."

Hapo Eskil aliinuka. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na msalaba umo mkononi, mbao mbili zilizofungwa kwa waya, herufi zimefifia. Alimgeukia Prewitt.

"Ndilo unalolitaka," alisema. "Yaishe. Ukalale."

"Mimi nakusaidia, bwana!"

"Siku ya kunisaidia ilikuwa ile." Akamgeukia Haskett. "Futa."

"Mzee wangu..."

"Futa, nakwambia. Mtu atakuja na karatasi yenu, atafute ziwa la ukubwa huo, asilione. Atasema huyu Tekla ni uwongo. Mke wangu hakuwa mwongo. Na huyu," akamwonyesha Prewitt kwa msalaba, "atakufa akidhani amenilipa. Paache peupe."

Haskett alimtazama mkuu wake. Prewitt aligeuka na kuanza kupanda mlima peke yake, mfupi, mikono nyuma. Basi Haskett akatoa kifutio, akauweka ubao kwenye magoti. Alifuta ziwa kwanza. Kisha akafuta herufi, moja baada ya nyingine, kuanzia ya mwisho, na Eskil akazitazama zinavyoondoka mpaka ikabaki ile T peke yake, kama msalaba mwingine mdogo. Nayo ikaondoka.

Bepi alivua koti, akaanza kubeba mawe. Walifanya kazi mpaka vivuli vikawa virefu, yeye na Eskil. Walijaza udongo mpya, wakaushindilia, wakarudisha mawe, wakasimamisha msalaba. Bepi aliuliza kama autie waya mwingine. Eskil akasema ule ule unatosha.

Ramani ilitoka baada ya mwaka. Waliitundika kwenye duka la posta bondeni, karibu na mizani ya viazi, na watu walijazana kuitazama, wakitafuta mashamba yao. Eskil alikuwa ameacha kazi, anapasua kuni za watu. Aliingia kununua sukari, akasimama mbele yake akiwa na kofia kichwani. Edna alikuwepo. Cora na Lorena walikuwepo. Hortense alikuwepo, mrefu, kwa wino wa buluu. Kidole chake kikapanda hadi kona ya juu, kikapita mistari ya kahawia ya mlima, mmoja juu ya mwingine, wamechora kila mkunjo, kila bega, kazi safi, mtu hawezi kusema Haskett hakujua kazi. Kikafika mahali ambapo mistari inaachana kidogo na pana weupe kiasi cha kichwa cha kiberiti.

"Unatafuta kwako, mzee?" aliuliza mwenye duka.

"Hapana," alisema Eskil. "Nipe na kahawa."

Theluji ya njiani ilipoyeyuka alipanda, kwa miguu, kwa kuwa Malkia hakuwa wake wa kumchukua. Ziwa lilikuwa dogo kama lilivyokuwa siku zote. Kwenye shina la msonobari kulikuwa bado na mstari wa tope, kimo cha paja, pale maji yalipofika. Alijaribu kuusugua kwa mkono wa shati, haukutoka. Akawasha moto, akachemsha kahawa, akaimimina kwenye kisahani, akakiweka juu ya jiwe upande wa Tekla, na kipande cha sukari pembeni. Habari za ramani hakumwambia. Alikaa mpaka kahawa ikapoa, ikaota utando, nzi mmoja akatua ukingoni.

Kisha akaimwaga, akafunga virago, akashuka kabla jua halijazama.